Korali ya Bamama, Inukeni

Jumanne, tarehe 4, mwezi wa tatu

Mashini imekataa tena programu yangu. Mara ya saba! Maandishi mekundu mpaka chini. Mwalimu Viviane akasoma mustari wangu, akaniuliza hii "tafazali" nimeiweka ya nini. Nikaangalia vidole. Nikamuambia polepole kompyuta ni ya senta ya masomo, si yangu, siwezi kuiamuru kama mbuzi. Darasa yote ikaseka. Parfait akaseka kupita bote, akapiga na meza. Akasema kesho nitaiuliza habari ya ng'ombe zake.

Nikafuta tafazali. Ikaandika: JINA YANGU NI GASORE. Mimi! Kwa kioo! Nikaiambia aksanti, lakini ndani ya moyo.

Habari kubwa: kuna nafasi moja ya kwenda kusoma kompyuta Mbarara, kule mutaa wa Nyamityobora, miezi mitatu. Mwalimu anasema rangi nzuri hazimushtue. Atampa mutu mwenye programu yake itatumiwa na batu ba inje ya darasa, mbele ya Jumatatu. Mimi niliacha masomo mwaka wa ine wa primeri. Parfait alimaliza sekondari. Lakini ile nafasi naitaka kabisa.

Jumatano, tarehe 5

Parfait ametengeneza programu ya kuhesabu miaka ya mutu. Inapiga na muziki. Anazunguka nayo kila fasi. Batu banasema "magnifique", halafu banaenda zao.

Mimi siwezi kuzunguka. Nikisimama mbele ya batu batatu, sauti inapotea. Basi naangalia tu. Na leo nimeona! Pasteri Thaddée karibu na bomba, bakubwa ba korali bamemuzunguka, kelele mingi. Kanisa yetu iko na korali ine: Bamama, Bababa, Bavijana, Batoto. Kila siku ya Mungu vita ni ile ile, nani aimbe wa kwanza. Korali ya mwisho inaimbia viti, juu batu bamekwenda kupika. Pasteri anashika kichwa.

Programu ya kupanga korali! Mashini haina shemeji. Haijakula kwa nyumba ya mutu. Nani ataikasirikia?

Alhamisi, tarehe 6

Mama Mudogo Mariette, mwenye ananilea tangu tulitoka Kongo, amekataa Mbarara. Anauliza mbuzi zitachungwa na nani, na Pasteri? Akaniambia nirudie kuuliza nikiota ndevu. Nikashika kidevu. Kuna tatu.

Lakini naona vitu. Yeye njo anaongoza Korali ya Bamama. Tangu Noeli banaimba ba mwisho. Bameshona kitenge kipya, cha kijani, na hakuna mwenye amekiona. Basi nimeongeza mustari moja mudogo sana, juu kabisa ya programu yangu: weka Bamama mbele. Akifurahi, ataniachia niende. Sikuambia mutu. Niliuandika nikiangalia mulango, kama mwizi wa mahindi.

Nimejaribu programu mara moja. Imeandika BAMAMA. Nikaizima upesi. Imekamilika!

Ijumaa, tarehe 7

Kusema siwezi, nikaandika maelezo ya programu kwa karatasi, nikampa Pasteri. Akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Akasema aleluya, siku ya Mungu hatagombana na mutu. Mwalimu Viviane ataleta kompyuta na ile mashini ya kuonyesha kwa ukuta.

Parfait anaimba mu Bavijana. Aliposikia, akasema hata mbuzi zangu hazinisikilize, sembuse kanisa. Nimemujibu hapa: mjinga wewe.

Jumapili, tarehe 9

Bamama bameimba mara kumi na moja.

Ilianza muzuri. Ukutani, herufi kubwa: KORALI YA BAMAMA, INUKENI. Vigelegele! Vitenge vipya! Mama Mudogo mbele, shingo imenyooka. Dakika sita zikaisha. Bavijana bakasimama, Parfait akafunga koti. Ukutani: KORALI YA BAMAMA, INUKENI. Bamama bakaangaliana. Mama Mudogo akasema mashini imesema, mulitaka tuikatalie? Bakaimba. Tena. Na tena. Parfait akakaa, akasimama, akakaa. Kwa wimbo wa saba nyimbo zao ziliisha, bakaanza za ubatizo, halafu za mazishi. Muzee Kabanda wa Bababa akauliza kwa sauti kama hii mashini inatafuta bibi.

Nilikuwa nyuma ya ngoma, nimejikunja. Shida niliijua. Kila wimbo ukiisha, mashini inarudi juu kabisa, na juu kabisa nimeandika nini? Masikini, inanitii tu!

Betri ya solari ilikufa kwa wimbo wa kumi na moja. Lakini hakuna mutu alitoka kwenda kupika! Bote balibaki, batoto na bazee, kuona ukuta utasema nini. Pasteri alisema tangu kanisa ijengwe hajaona vile.

Jumatatu, tarehe 10

Mwalimu akasoma programu yangu. Akafika mustari wa juu. Akaniangalia. Nikafikiri imeisha, narudilia mbuzi. Akaseka mpaka akavua miwani. Parfait akapinga, huu ni wizi. Mwalimu akamuuliza programu yake imetumiwa na batu bangapi ba inje. Parfait akahesabu na vidole. Dada yake. Mara moja. Yangu: kanisa muzima.

Nikafuta ule mustari na mukono yangu. Nikajaribu tena mara ine: korali zote zikapita, moja moja, bila upendeleo. Mwalimu akaniapisha sitaweka tena mutu wangu mbele kwa siri. Nikaapa. Nafasi ni yangu! Na Mama Mudogo alisema mbuzi atazichunga mwenyewe. Alikuwa anapika na kitenge cha kijani.

Jumamosi, tarehe 15

Safari njo leo. Ngabo wa boda yuko hapa anafunga begi yangu.

Jana kamati ya bomba baliomba programu ya kupanga mitungi ya maji. Nikachukua ile ile, nikabadilisha majina tu, nikaiweka mu simu ya kamati. Kiapo nakikumbuka muzuri. Lakini Mama Mudogo atachota maji peke yake sasa, na ni juu yangu. Basi nimeweka mustari moja. Mudogo kuliko ule! Na sikuuweka juu, nimeuweka katikati, haiwezi kuharibika.

Kutoka hapa nasikia mwenye simu ya kamati analalamika: mutungi wa Mariette, tena mutungi wa Mariette, mara ya tisa. Mama Mudogo amejaza mitungi, sufuria, beseni. Amepita sasa hivi anakimbia, amekuja kuchukua birika. Nyuma yake naona bamama banapanda njia yetu, mitungi mitupu kwa mukono, na Parfait mbele anabaonyesha nyumba.

Ngabo amewasha pikipiki. Lazima niende sasa, bamefika kwa shamba ya muhogo ya jirani.