Kiuno Changu Kimeonekana Maparoni

Leo nimeadhirika, jamani. Na kidole kilichoniadhiri ni changu mwenyewe.

Mnajua mimi ni fundi simu hapa Kibiti. Mnajua pia huu ni msimu wa kuvuna mpunga, na mke wangu Mwajuma yuko kwao Maparoni, kule visiwani, anawasaidia. Mimi nami nilitakiwa niende. Juzi nikampigia mama mkwe, sauti nimeishusha kabisa: "Mama, kiuno kinanikata, hata kuinama siwezi." Maskini, akanionea huruma. "Pumzika, mwanangu." (Kiuno kilikuwa kizima. Nilikuwa nawaogopa mbu wa kule.)

Asubuhi akaja Mwalimu Saida kibandani. Hataki mawifi zake waone stetasi zake. Nikampa somo! "Mwalimu, kuweka mambo yako mtandaoni bila kuchagua nani aone ni sawa na kuoga barabarani." Nikachukua simu yake, nikaweka alama kwenye majina ya mawifi wote watano, nikabonyeza. "Tayari. Hawa hawaoni kitu." Akashukuru, akaondoka. Nami nikafanya vilevile kwenye simu yangu. Nikatia alama wakwe zangu wote. Nilijiona profesa.

Mchana nikarudi nyumbani kuoga. Nyumba nzima niko peke yangu, muziki juu! Nikatoka bafuni, nikachomoa kanga kwenye kamba, nyekundu yenye michoro ya korosho, nikajifunga. Singeli ikaanza. Ndugu zangu, nilikatika! Nikashuka mpaka chini, nikapanda, nikazungusha, huku najirekodi. Nikaandika: "Kiuno hiki hakina mfupa." Nikarusha kwenye stetasi, nikakaa kusubiri vicheko vyenu.

Nusu saa nzima hakuna hata mmoja wenu aliyecheka. Nikafungua nione nani kaangalia. Watu wanne. Mama Mkwe. Baba Mkwe. Shemeji Bakari. Shemeji Hamisi.

Lahaula! Nikarudi kwenye mpangilio. Kumbe kuna "wote isipokuwa hawa", na chini yake kuna "hawa tu". Mimi, fundi mzima, miaka saba kibandani, nilibonyeza "hawa tu".

Nikafuta video haraka. Mwajuma akapiga.

"We Shabani, umerogwa?"

"Nimeshafuta, mke wangu."

"Umefuta nini? Tulikuwa tunakula! Simu imezunguka mkeka mzima. Baba kaacha wali."

"Na mama kasemaje?"

"Kakutumia sauti. Sikiliza mwenyewe."

Mama mkwe, jamani! Mtu ambaye hata maji siyanywi mbele yake, nikimwona nainamisha kichwa mpaka apite. Nikakaa kitandani, nikasema bismillahi, nikabonyeza. Sauti yake ilikuwa ya upole vilevile.

"Assalaam alaykum, mkwe. Tumemshukuru Mungu, kiuno kimepona. Kesho panda boti ya asubuhi pale Nyamisati, mpunga bado upo mwingi. Na hiyo kanga uliyojifunga, njoo nayo. Ni yangu. Niliisahau kwenu nilipokuja mwezi uliopita."

Nyuma ya sauti yake namsikia baba mkwe anakohoa kwa kucheka.

Kanga ya mama mkwe! Kiunoni kwangu! Na korosho zake zimeonekana vizuri kabisa, maana simu yangu ina kamera nzuri (nilikuwa najisifia nayo wiki nzima). Nimeifua mara mbili, nimeipiga pasi, sasa naitazama tu, siwezi hata kuishika. Tangu nilipoanza kuifua kiuno kinaniuma, kinauma kweli, wallahi, na hakuna wa kumwambia akaniamini.

Kesho saa kumi na mbili niko Nyamisati. Nawaomba msicheke.

Ila kama kuna anayemfahamu Mwalimu Saida, amtulize. Ananipigia, hii ni simu ya sita. Sipokei. Simu yake niliipanga kama yangu.