Ombi la Kutenganishwa na Mama Mkwe Ndani ya Chumba cha Skwoshi

Ndugu Mkurugenzi wa Michezo,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, maana mimi naiandika nimesimama. Kiuno kimekataa kiti.

Mimi ndimi kocha mkuu wa timu ya skwoshi ya chuo chetu. Muhula huu niliomba msaidizi, nawe ukaniahidi mtu mzima, mtulivu, anayeujua mchezo. Nikashukuru. Jumatatu mlango wa chumba cha mazoezi ukafunguliwa, akaingia mama mzazi wa mke wangu, amevaa kaptula, raketi kwapani. Kumbe anacheza tangu ujana wake. Nilipomuuliza mke wangu mbona hakuniambia, akanijibu, "Hukuuliza."

Sina ugomvi na mama mkwe. Nina malalamiko manne tu.

1. Chumba. Nyumbani mimi na mama tunaheshimiana kwa mbali: yeye kochi la dirishani, mimi kiti cha mlangoni. Skwoshi ni watu wawili kufungiwa ndani ya kuta nne wakigombea kampira kamoja, na ukimzuia mwenzako njia unaomba radhi, mpira unarudiwa. Siku ya kwanza tuliombana radhi mpaka taa zikazimwa. "Samahani, mama." "Hapana, baba, kosa ni langu." Wachezaji wakadhani ndiyo mbinu mpya. Jumamosi nahodha wetu, tunayemwita Springi, alimpisha mpinzani wake kila mpira kwa adabu kubwa, akafungwa huku watazamaji wakisifu malezi yake.

2. Sauti. Kazi yangu ni kufoka. Mbele ya mkwe nafokaje? Springi akikosea, siku hizi namwambia, "Jaribu tena, mwanangu," naye ananitazama kama mgonjwa. Mama hafoki. Anakohoa. Akikohoa mara moja, timu nzima inatoka nje kukimbia kulizunguka jengo. Juzi nilijikuta nami nimo kwenye msafara, filimbi mdomoni.

3. Habari zangu zinafika nyumbani kabla yangu. Sijavua hata viatu, mke wangu ananiambia, "Nasikia leo umeegemea ukuta."

4. Hili naliandika kwa uchungu. Alhamisi wachezaji walituomba tucheze mechi ya mfano. Nikapanga kumwachia mama pointi mbili tatu, kama mkwe mwema. Ndugu Mkurugenzi, sikupata za kumwachia. Yeye alisimama katikati ya chumba kama anayesubiri chai ichemke, mimi nikawa namzunguka kama nzi kwenye taa. Nilipoanguka mara ya mwisho alinipa taulo, akasema kwa upole, "Pumzika, baba. Nitamwambia binti yangu akukande." Daktari wa timu, ambaye ndiye wa kunikanda, alikuwa nje ya ukuta wa kioo, amekalia ndoo ya barafu, anafuta machozi ya kicheko.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mama ahamishiwe timu ya sataranji, ambako angalau kuna meza katikati. Ikishindikana, chuo kibomoe ukuta mmoja, wowote ule, nipate pa kutokea. Na kama bajeti hairuhusu, basi nipewe likizo ya ndoa. Si ya kwenda kuoa, ya kutokuwa nayo. Nisiwe mkwe wa mtu mpaka mashindano yaishe, kisha nirudishwe kwa mke wangu katika hali niliyotoka. Mke wangu amesoma ombi hili na hana pingamizi, jambo lililonisononesha kidogo.

Nisalimie ofisi nzima, katibu muhtasi wako, mlinzi wa getini, na yule mama wa usafi anayepiga deki jasho langu bila kunung'unika.

Ni mimi mwenye raketi moja na adabu nyingi,
Kocha Mkuu (mpaka sasa)

Nyongeza: Tafadhali usisome hayo ya juu. Nimerudi sasa hivi kutoka kwenye mechi ya marudiano na wale waliotufunga Jumamosi. Springi alikuwa nyuma vibaya. Wakati wa mapumziko mimi nikamwambia, "Jaribu tena, mwanangu." Mama akamnong'oneza neno sikioni, naye Springi akarudi ndani akamkimbiza mpinzani wake kona zote nne. Tumeshinda. Akili iliponirudia nilikuta nimekumbatiana na mama mkwe mbele ya umati, miguu yangu haigusi chini. Kocha wa sataranji ameshaanza kumuulizia. Mwambie amehama nchi. Halafu nasikia baba mkwe naye alikuwa hodari wa kuruka kamba. Ile nafasi ya mkufunzi wa viungo bado iko wazi?