Jaji Akubali Kurudia Mtihani wa Nusaiba

"Wanatakiwa watu wazima!" Redio alipaza sauti kabla hata hajakaa, simu karibu imguse pua. "Sikilizeni, imo kwenye grupu la shehia. Nusaiba binti Zahran, yule nesi wetu, anasoma shahada ya uzamili huko Unguja. Saikolojia ya afya na tiba ya watu wazima. Anataka wenye presha na sukari wakazungumze naye hapa kituo cha afya."

"Watu wazima?" Pingamizi akaweka kikombe chini. "Basi ni ngumbaru hiyo. Mamaangu kaisoma hapa hapa Gando, chini ya banda la makuti. A, e, i, o, u. Unguja kafuata nini?"

Ilikuwa baada ya Laasiri, kwenye baraza ya Ame muuza kahawa, na Khatib alicheka mpaka kahawa ikampalia. Khatib alikuwa fundi wa mapaa, miaka hamsini na minane, lakini pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Jaji, kwani hakuna kesi iliyopita mbele yake bila kuikatia hukumu, iwe ya mpira au ya talaka. Redio ndiye Zubeir, dereva wa gari ya abiria, aliyezijua habari kabla hazijatokea. Pingamizi ni Mabruki, mkulima wa muhogo, ambaye ukimwambia leo Jumatatu anadai ushahidi.

"Si ngumbaru, yakhe," Redio akasema. "Saikolojia. Mambo ya kichwa."

"Presha ipo mkononi. Wanakufunga kitambaa mkononi, nimeona kwa macho yangu. Kichwa kimeingiaje?"

"Ndo maana anasoma miaka miwili. Anaitafuta njia."

"Miaka miwili kusomea kuzungumza!" Ame alidakia, huku akimimina. "Siye tunazungumza hapa mwaka wa thelathini, hajatokea mtu kutuvisha joho."

"Nenda basi weye, Redio," Pingamizi akachokoza. "Kesho Gando nzima iseme Zubeir keshaanza kuokota makopo."

"Miye sina presha!"

"Umepima?"

"Sijapima. Ndo maana sina."

Jaji akanyoosha mkono juu, kama afanyavyo akitaka kutoa hukumu. "Nitakwenda miye. Ndoa saba nimezisuluhisha kwenye jiwe hili bila cheti. Nikamsikilize huyo mtoto, anapokosea nimrekebishe, kisha nikuleteeni ripoti."

Wakampigia makofi. Hawakujua kuwa Jaji alikuwa na lake moyoni. Miezi mitano nyuma alipewa vidonge vya presha pale pale kituoni. Alivimeza siku nne, vilivyobaki akavisokomeza juu ya kabati. Na wiki iliyopita, akiwa juu ya paa la watu, mabati yalianza kumzunguka. Alikumbatia boriti kwa mikono miwili mpaka dunia ikatulia. Hakumwambia mtu, hata mkewe, Bi Kauthar.

Kituoni Nusaiba alimpokea kwa adabu. "Shikamoo, ami Khatib." Akamweleza kuwa atarekodi sauti, na atakayeisikiliza ni mwalimu wake tu, kwa ajili ya kumpa alama. Jaji akakubali, akakaa vizuri.

"Hizi dawa unazionaje, ami?"

"Mwanangu, hizi dawa zina mambo yake. Kuna siku marehemu kaka yangu..."

"Ni kweli zina mambo, lakini ni muhimu sana, ami. Ukiziacha utapata kiharusi. Na chumvi je?"

Jaji akafunga mdomo. Kila alipotaka kuufungua, Nusaiba alikuwa na jambo muhimu zaidi. Mwishowe akasema atakunywa, ilimradi atoke.

"Ripoti!" walidai barazani.

"Kunywa dawa, punguza chumvi. Basi."

"Hayo hata mke wangu anayasema," Redio akashangaa, "na hajafika darasa la saba."

"Hukumu yangu," alisema Jaji, "mtoto kafeli."

Alisema kwa mzaha. Siku ya nne Nusaiba akaja barazani, akawasalimu wote, akamwomba ami Khatib pembeni. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwalimu kanifelisha, ami. Anasema nimekukatiza mara tisa. Anasema ulitaka kunambia jambo nikakuziba mdomo. Nakuomba radhi. Nimepewa nafasi ya kurudia, na nnakuomba weye tena, kama utaridhika."

Maisha yake yote Jaji alikuwa akikatizwa, na yeye akiwakatiza wenziwe. Hajapata kumwona mtu kaadhibiwa kwa kosa hilo. Kama ni hivyo, baraza nzima ingekuwa jela.

"Nitarudi," alisema.

Alipokaa tena barazani, Redio hakungoja. "Nimesikia kurudia. Kafeli nani, weye au yeye?"

"Tumefeli pamoja," Jaji akajibu.

Mara ya pili Nusaiba aliuliza lile lile, kisha akanyamaza. Jaji akaanza kwa mbwembwe, akapita kwenye bei ya mabati, akapita kwenye mpira, na msichana yule hakumfuata huko wala hakumzuia. Mbwembwe zikaisha. Pakawa kimya, na katika kimya kile Jaji akasikia sauti yake mwenyewe ikisema jambo ambalo hakuwahi kulitoa.

"Kaka yangu Abrahman walimpa vidonge kama hivi. Hajafikisha siku arubaini, tukamzika. Kila asubuhi miye ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji ya kumezea. Kwa mkono huu."

Nusaiba alingoja kidogo. "Kwa hiyo ukikishika kidonge, ami, unashika kile cha kaka yako."

Jaji akautazama mkono wake. Machozi yalimtoka bila ya kuyaombea ruhusa. Alipotulia, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: je, ni vidonge vilivyomuua? Nusaiba akamwomba kwanza amsimulie maradhi ya kaka yake yalivyoanza. Jaji akasimulia miaka minane ya kichwa kuuma, macho kuingia ukungu, miguu kuvimba.

"Nikuambie ninavyoona miye, ami?"

"Niambie."

"Maradhi yalikuwa na miaka minane. Vidonge vilikuwa na siku arubaini. Vilichelewa kumfikia. Na maji yako hayakumdhuru."

Jaji alitoka pale miguu myepesi kama mtu aliyeshushwa gunia la karafuu.

"Kasema nini leo?" Pingamizi akadaka.

"Hakusema sana. Kaniuliza jambo, nikamwambia, akanisikiliza."

"Saa nzima mlikuwa mnafanya nini?"

"Nilikuwa nasema miye."

"Kumbe shahada ni ya kunyamaza!" Pingamizi akapiga paja. "Basi hili jiwe ninalokalia ni profesa!"

"Si rahisi," Jaji akasema. "Nyamazeni dakika moja tu, nikuambieni jambo zito."

Wakajaribu. Ame alishikilia birika hewani. Redio alikunja mikono, akauma mdomo, jasho likamtoka.

"Jambo gani?" akalipuka.

Wakacheka wote, na Jaji akacheka zaidi, na jambo lenyewe likabaki lilipokuwa.

Siku ile ile alipanda juu ya kiti, akavishusha vidonge. Muda wake wa kutumika ulikuwa umepita, akapewa vingine kituoni, akawa anameza kimoja kila siku, baada ya Laasiri, kwa maji ya Ame. Hakukaa juma kabla hawajamfuma.

"Jaji! Unakunywa dawa?"

"Si kwa ajili yangu," akajibu kwa ukali. "Mtoto wa watu ana mtihani. Nikianguka kwenye paa la mtu, huyo si kafeli tena?"

Kwa hoja hiyo hata Pingamizi alikosa pingamizi. Tangu hapo saa ikifika Ame mwenyewe humsukumia gilasi, na Redio humkumbusha kama anakumbusha sala. Gando haikubali binti yake aanguke mara mbili.

Nusaiba alifaulu. Redio alizileta habari, na kwa mara ya kwanza zilikuwa za kweli. Asubuhi hiyo Jaji alikuwa amepimwa, presha imeshuka, na juu ya paa dunia haizunguki tena. Walimpa mkono wa hongera kama aliyefaulu ni yeye.

Kisha Pingamizi akauliza, "Sasa mtihani umekwisha. Hicho kidonge mkononi cha nini tena?"

Wote wakamgeukia. Jaji alikitazama kidonge, akawatazama wenziwe, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

"Hamjui elimu nyinyi," alisema hatimaye. "Baada ya uzamili kuna uzamivu. Miaka minne."

"Nusaiba kasema atausoma?"

"Bado hajajua," Jaji akajibu, akameza.