Chipu ya Kopo la Nne

Jumatatu, 6 Julai

Nimeingia! Kozi ya likizo ya kuchora chipu za kielektroniki: wanafunzi wa sekondari ishirini, kompyuta kumi. Kwenye fomu niliandika kuwa nina uzoefu. Uzoefu wenyewe ni kumshikia babu tochi akitengeneza redio. Nimepangwa na binti mmoja, nimembatiza Miwani. Anaandika kila kitu. Mwalimu akikohoa, anaandika.

Jioni nikapita kwa babu. Mapafu yamechoka, hatoki kitandani tena, na daktari ameshamwambia bibi awaite watoto. Babu akauliza ataishika lini chipu yangu. Nikasema Ijumaa ya wiki ijayo. Alifurahi mno. Bado sijui chipu inatengenezwaje.

Jumanne, 7 Julai

Balaa! Kumbe sisi tunachora tu. Michoro inapelekwa kiwandani ng'ambo, chipu zinarudi baada ya miezi sita. Babu hana hata wiki sita. Nikamuuliza mwalimu kama kiwanda kinaweza kuhimizwa kidogo. Darasa zima likacheka. Miwani hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ijumaa, 10 Julai

Mchoro wetu ni saketi ya kuhesabu hadi tisa. Upande wa kulia ni wa Miwani, wa kushoto ni wangu. Programu ya ukaguzi imekuta makosa arobaini na moja, yote kushoto. Nyaya zangu zinagusana. Nimesema kompyuta ni mbovu. Miwani akakaa pembeni yangu, nikazitenganisha moja moja mpaka saa ya kufunga. Kosa halikubaki hata moja. Akamwambia mwalimu nimefanya mwenyewe. Wema wa mtu huyu unachosha.

Alhamisi, 16 Julai

Miwani amechapa mchoro wetu kwenye karatasi kubwa, akanipa nimpelekee babu. Eti atafurahi. Fundi redio wa miaka arobaini umpelekee karatasi!

Mimi nina mpango. Karakana ya babu ina makopo ya vipuri vya redio zilizokufa. Kopo la nne ni la chipu. Nimechukua moja, nikaisugua kwa dawa ya meno mpaka ikang'aa. Mguu wake mmoja wa chuma umevunjika, lakini macho ya babu siku hizi si ya kuona mguu wa chipu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni hatua kumi tu, kutoka karakana hadi chumbani kwake.

Ijumaa, 17 Julai

Imefaulu! Sikupata kitu cha kufungia, nikaifunga kwa karatasi ya Miwani. Babu akanipokea kama siku zote: "Karibu, mwizi wangu." Ameniita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa bibi huniita mume wake.

Akaigeuza chipu kiganjani. Akapapasa ule mguu, akauliza umevunjikia wapi. Nikasema njiani, ikitoka kiwandani. Akacheka mpaka akakohoa, bibi akaja mbio. Kisha akaomba lenzi yake.

"Niachie na karatasi," akasema.

Akauliza upande wangu ni upi. Nikamwonyesha. Akafuata nyaya kwa kidole, polepole, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

"Hazigusani," akasema.

Nadhani alikuwa anaweweseka.

Jumatatu, 20 Julai

Babu amefariki jana asubuhi. Nimelia mpaka kichwa kinauma. Nani ataniita mwizi sasa?

Miwani amekuja msibani, akakaa na bibi bila kuandika chochote. Bibi ametusimulia siku mbili za mwisho. Babu alilala na ile karatasi kifuani. Kila aliyekuja kumjulia hali alionyeshwa upande wa kushoto. Chipu alimpa bibi Ijumaa ile ile, mlango ulipofungwa tu, akamwambia airudishe kwenye kopo la nne na asinigombeze. Miwani akaniangalia sana. Sijui kwa nini.

Masikini babu. Maradhi yalimchanganya kabisa: zawadi akairudisha, kifungio akakikumbatia! Na katika makopo yote, ametaja lile lile. Sadfa tu.

Bibi anakaa peke yake chumbani, kitanda kitupu. Nimemwahidi chipu yake Ijumaa. Hii nitaifungia kwa gazeti.