Ampea Moja na Nusu

Jumatano, 4 Juni
Mke wangu kapata kazi kubwa saluni. Jumamosi anakuja bibi harusi na wasimamizi wake watatu. Vichwa vinne kwa mpigo! Mashine za kukaushia nywele anazo nne, ila hajawahi kuwasha zaidi ya mbili. Anataka kaka yake, fundi umeme, aje avute waya mpya. Shemeji tena! Akibadilisha balbu moja, nyumba nzima inamshukuru wiki nzima. Nikasema niachieni mimi. Umeme niliusoma shuleni, nikakaribia kufaulu.

Alhamisi, 5 Juni
Kalamu mkononi tangu asubuhi. Mgongoni mwa mashine imeandikwa volti 240, ampea 6. Volti gawanya kwa ampea: ukinzani omu 40. Volti mara ampea: wati 1,440. Safi. Sasa utamu wenyewe. Mashine nne, omu 40 kila moja, jumla 160. Gawa 240 kwa 160: ampea moja na nusu! Yaani ukiwasha mashine nyingi, umeme unapungua. Ajabu hakuna aliyeligundua hili kabla yangu. Mke wangu kaniuliza mara mbili kama nina uhakika, maana bibi harusi huyu akiharibikiwa, mtaa mzima utajua na saluni ndiyo basi. Nikamwonyesha karatasi. Akampigia kaka yake kumwambia asije. Nimelala mchana kwa fahari.

Jumamosi, 7 Juni
Nilichomeka zote nne kwenye ekstensheni moja. Kwa usalama zaidi, tundu la tano nikachomeka pasi, ukinzani uongezeke. Dakika ya pili, harufu. Nikasema ni mafuta ya nywele. Dakika ya tatu ekstensheni ikalainika, pa! Umeme ukakatika hadi kwa kinyozi wa jirani. Bibi harusi kakauka upande mmoja, upande wa pili unachuruzika. Akaanza kulia.

Shemeji kaja mbio. Akaiangalia ekstensheni, akaisoma karatasi yangu taratibu.

“Shemeji, hesabu hii ni ya mashine zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, umeme upite humo humo. Zako ziko bega kwa bega, kila moja inavuta ampea zake sita. Nne ni ishirini na nne, pasi sijaihesabu. Ekstensheni yako mwisho kumi na tatu.”

Kavuta waya mpya kwa saa mbili. Bibi harusi kaondoka amechelewa, amenuna, lakini mkavu. Niliona aibu hadi nikajificha nyuma ya kapu la taulo.

Jumapili, 8 Juni
Mke wangu hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Ufunguo wa boksi la mita kampa kaka yake, mbele yangu.

“Mume wangu, kalamu shika utakavyo,” akasema. “Bisibisi usiguse tena.”

Nimeapa.

Jumatatu, 9 Juni
Saluni imefungwa, mke wangu kaenda kwa mama yake. Nimetafakari kwa kina. Shemeji mwenyewe, kwa kinywa chake, kasema hesabu yangu ina mashine zake: zilizofungwa moja nyuma ya nyingine. Basi sikukosea hesabu. Mashine ndizo zilizokosea mpangilio! Nikizifunga inavyotakiwa, kila moja itapata volti 60 na wati 90. Upepo wa taratibu, hakuna nywele itakayoungua. Nimeshakata waya za mashine tatu, imebaki moja. Bisibisi sijagusa, kiapo ni kiapo. Kisu cha jikoni hakikutajwa.