Mume Wangu Amekuwa Nembo

Kwako Shemeji, mchoraji wa nembo yetu,

Pokea salamu nyingi. Sisi wafua nguo za watu hatujambo, isipokuwa mmoja wetu aliyegeuka picha.

Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu ile nembo uliyotuchorea bure, kichwa cha kaka yako kikitazama pembeni, ukaitundika juu ya mlango wetu wa udobi. Naomba ifutwe. Sababu zangu ni hizi:

1. Maana yake. Siku unaitundika ulitueleza kuwa paji pana la uso ni maono ya biashara, pua ni uwezo wa kugundua uchafu, na ndevu ni uvumilivu. Shemeji, mimi nimelala jirani na ndevu hizo tangu niolewe na sikujua kama ni uvumilivu. Nilidhani ni uvivu wa kununua wembe. Sasa nikimwambia anyoe, ananijibu kwamba hawezi kufuta uvumilivu wa kampuni. Na hiyo kampuni, kama umesahau, ni mimi, yeye, na pasi mbili, moja mbovu.

2. Hafui tena. Ulimwambia kwa kinywa chako kwamba nembo ni uso wa biashara, naye amelishika neno hilo kama wosia. Anasema uso hauingizwi kwenye povu. Asubuhi anatoa kiti, anakaa chini ya bango ili wateja walinganishe. Mgema akisifiwa, shemeji, unajua mwenyewe. Wiki iliyopita shati la kinyozi jirani yetu liliungua kola. Mwenye shati akamfuata yeye, maana ndiyo sura iliyo juu ya mlango. Kaka yako akamweleza kwa upole kwamba nembo haihusiki na mambo ya pasi, malalamiko yanapokelewa uani. Uani ni mimi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kwa kuwa ulimchora upande, amehamia upande. Anatembea upande, anapokea wageni upande, anakula upande. Nikimuuliza jambo, najibiwa na sikio. Binti yetu wa mwisho aliambiwa shuleni achore familia, akamchora baba yake na jicho moja, na mwalimu akaniita pembeni kunipa pole. Nikaipokea, ningefanyaje. Niliolewa na mtu mzima, sasa nimebaki na nusu, na nusu yenyewe haijui kama nimesuka nywele au naumwa. Nalia moyoni, shemeji, nisikufiche.

4. Kwa hiyo chora ndoo, au kamba yenye shati. Sijawahi kuona ndoo iliyovimba kichwa. Ikishindikana, mwandikie kaka yako barua rasmi ya kumstaafisha unembo, yenye muhuri, kwa sababu maneno yangu hayana muhuri.

Msalimie mkeo na watoto, na yule fundi aliyekuazima ngazi. Mama mkwe mpe heshima zangu, ila usimsomee sababu ya pili wala ya tatu. Alipoliona bango alilia kwa furaha, na mimi lawama za ukweni siziwezi.

Ni mimi shemeji yako, wa uani.

Nyongeza: Kaka yako amesafiri tangu juzi kwenda kumwangalia shangazi yenu anayeumwa. Leo asubuhi nimejikuta nimesimama barabarani na nguo mbichi begani, nimeinua uso, nalisimulia bango jinsi sabuni ilivyopanda bei. Mpita njia akanisalimia, nikaona aibu, lakini habari yangu nikaimaliza. Basi usifute kitu. Njoo unichore na mimi, upande ule anaoutazama.