Foleni ya Kuomba Radhi Hiroshima

Kahawa ya Bi Ummukulthum hapa mgahawani kwake Harrow, London, haijapoa, Hamad kashabwaga simu mezani. Huyu tunamwita Kadhi, ingawa hakuna aliyemteua.

"Leo miaka themanini tangu Marekani waangushe bomu Hiroshima! Na redio inasema madini ya bomu lile yalitoka Kongo!"

Macho yote kwa Luc, Mkongo wetu, Papaa Kravati. Tai nyeusi, ua jeupe mkononi. Kanisa lake limemtuma akaliweke saa sita kwenye mti wa kumbukumbu ya Hiroshima, kule bustani ya Tavistock Square katikati ya jiji. Tangu saa tatu kakaa tu, kama mzigo usio na mwenyewe.

"Ndiyo maana miguu haitoki," akasema. "Babu yangu alichimba madini yale. Niende kama mfiwa ao kama muuaji?"

"Muuaji mdogo," Kadhi akahukumu.

"Alichimba kwa fimbo ya Mbelgiji, yaya, kaka yangu! Hakujua ni jiwe ya nini!"

Nikashindwa kunyamaza. Mimi wananiita Upinzani.

"Muacheni babu wa watu! Mbelgiji kauza, Marekani karusha, na Waingereza hawa wa hapa London waliulizwa kabla, wakaitikia kwa kichwa huku wanakoroga chai. Wauaji ni wakubwa, basi!"

"Weye kila kitu wakubwa," Bi Ummukulthum akadakia, anafuta kaunta. "Hata mkeo alipofariki, Mungu amrehemu, ulimlaumu waziri."

"Na kauli sijafuta!"

Kadhi akagonga meza. "Sikilizeni. Damu ya mji mzima haibebwi na mtu mmoja. Aliyechimba ana chembe, aliyetia saini ana gunia. Papaa, kaombe radhi kwa chembe ya babu yako. Ila upange foleni nyuma ya wenye magunia."

"Nyuma ya nani?" nikamrukia. "Miaka themanini, nani kati yao kaja kuomba radhi?"

Luc akaiweka tai sawa, akasimama.

"Kama foleni haina mtu, mi naanza."

"Mtu mmoja si foleni," Kadhi akasema, anatafuta mwavuli. "Twende wote. Mwingereza akiona watu wamejipanga haulizi ya nini, anaunga nyuma."

Nikamaliza kahawa kwa funda moja.

"Mimi sina kosa," nikawaambia, nikivaa kofia. "Nakuja kulinda foleni. Wakubwa nawajua: wakisikia kuna kamera, watachomekea mbele."